Kipindi Ambacho Muireann Hakutaka Kusamehewa

Saa tatu na dakika tano asubuhi, Jumatatu ya mwisho ya Agosti, Assumpta Keaveney anatembea peke yake kwenye korido za shule isiyo na wanafunzi. Mgongoni ana begi lenye vitabu vya kidato cha kwanza, kilo saba kasoro kidogo. Mkononi ameshika saa ya kupimia mwendo.

Anatoka chumba cha Hisabati, anapanda ngazi, anasukuma kwa bega mlango mzito wa maktaba, anafika maabara. Anasimama na kuandika: dakika nne na sekunde kumi. Ratiba inampa mwanafunzi dakika tatu.

"Mwanafunzi mpya huyo! Sare iko wapi?" anapiga kelele Packie Lally, mtunza majengo, kutoka juu ya ngazi anakobadilisha taa.

"Imekataa kunienea, Packie. Na mlango wako huo utanivunja bega."

"Mlango hauna shida. Ni uzee."

"Basi uupake mafuta kabla shule haijafunguliwa Alhamisi. Kuna mtoto atakayepita hapo asiyependa kusukumana."

Assumpta, mwenye umri wa miaka 52, ni mratibu wa elimu ya mahitaji maalumu katika sekondari ya kawaida ya Kiltarnagh, mji mdogo wa mashariki mwa jimbo la Galway, Ayalandi. Kila Agosti huitembea wiki nzima ya kila mtoto mpya aliye kwenye orodha yake, kipindi kwa kipindi, kabla mtoto mwenyewe hajaitembea. Mwaka huu ni watoto kumi na wanne. Leo anatembea Jumatatu ya Muireann Mulryan, msichana wa miaka kumi na miwili. Ni mara ya pili kuitembea, kwa sababu ratiba ya kwanza aliikosea.

Alianza kazi akiwa mwalimu wa Hisabati. Anasema uratibu hakuuomba. "Siku waliyogawana majukumu nilikuwa kwa daktari wa meno. Niliporudi nikakuta jina langu ubaoni." Hiyo ni miaka kumi na mitatu iliyopita. Mengi aliyojua baadaye alijifundisha kwa kusoma mwishoni mwa wiki na kuuliza akina mama.

Shule ina wanafunzi 438, na 71 kati yao wako kwenye orodha yake. Amepewa saa 104 za ufundishaji wa msaada kwa wiki na wasaidizi wanne wa darasani. Yeye mwenyewe ana saa sita za kupanga yote hayo. Posho ya kazi hiyo hana.

Mtoto akihitaji masomo ya ziada ya kusoma, lazima aondolewe kwenye kipindi kingine. Hapo ndipo kazi yote ilipo: kuamua ni kipindi gani.

Miaka minne iliyopita alimwondoa kijana mmoja, Cathal, kwenye useremala. Ilionekana sawa, kwani useremala alikuwa anauweza, na kusoma alikuwa hawezi. Cathal hakulalamika. Kufika Novemba aliacha kuja shule. "Nilimchukulia saa zake nzuri zote mbili za wiki, nikamwachia zile mbaya," anasema Assumpta. Hakuna aliyemlaumu. Tangu hapo alijiwekea sheria ya kutogusa masomo ya mikono.

Lakini kulikuwa na kipindi ambacho hakuna aliyewahi kukifikiria mara mbili. Nchini Ayalandi, mtoto mwenye shida kubwa ya kusoma na kuandika anaweza kupewa cheti cha kumsamehe somo la Kiayalandi. Shuleni Kiltarnagh, kama ilivyo kwingine, walimu wa msaada hupangwa saa hiyo hiyo, maana waliosamehewa wako huru, na wengi wao hutoka darasani wakichekelea.

Muireann alikuwa na cheti. Assumpta akajaza rangi ya kijani, rangi ya msaada, juu ya vipindi vyake vitatu vya Kiayalandi, akaendelea na mtoto mwingine.

Jumanne ya wiki iliyopita Muireann na mama yake, Gráinne, walikuja kuitazama shule. Assumpta aliwaonyesha ratiba. Msichana aliiangalia muda mrefu.

"Kijani kiko juu ya Kiayalandi," alisema.

"Ndiyo. Una cheti, kwa hiyo hutasumbuka nacho."

"Hakinisumbui."

"Muireann, mwalimu anakusaidia," mama yake aliingilia.

"Asinisaidie hapo."

Akavaa kofia ya koti lake.

Jioni ile Gráinne alipiga simu. "Mwalimu, samahani kukusumbua. Amesema Alhamisi shule ikifunguliwa haji. Na huyu akisema haji, mimi namjua." Mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, Muireann alikosa siku 61. Asubuhi nyingine mama yake alimfikisha getini, akashindwa kumtoa ndani ya gari.

Kisha Gráinne akaeleza lile ambalo hakuna fomu iliyowahi kumuuliza. Bibi yake Muireann alitoka Carraroe, pwani ya Connemara, kwa watu wanaozungumza Kiayalandi nyumbani. Aliishi nao miaka tisa, na jikoni hakutaka lugha nyingine. Alifariki Machi mwaka huu. "Muireann kuandika hawezi. Kusoma anahangaika. Lakini akifungua mdomo, mimi mama yake ananiacha mbali. Cheti waliniambia kitampunguzia mzigo, nikasaini. Sasa nyumbani hana wa kuongea naye. Alikuwa anasubiri hicho kipindi."

Assumpta anapolieleza hili sauti yake inashuka. "Nilikiona cheti, nikajaza kijani. Miaka kumi na mitatu ya kazi hii, na sikuuliza."

Alimwomba Gráinne ampe simu binti yake. Muireann akakataa kuongea, lakini akakubali kusikiliza. Assumpta akamuuliza kama angekuwa tayari kutoa somo jingine badala ya lile. Jibu alilileta mama: Kifaransa.

Kesho yake alimfuata Malachy Tuohy, mwalimu mkuu msaidizi, ambaye hupanga ratiba ya shule nzima kwa wiki tatu za likizo yake, kwenye meza ya kulia chakula nyumbani.

"Assumpta, ukinigusia ratiba leo nalia."

"Lia kwanza, nakungoja."

"Saa ya Kifaransa hakuna mwalimu wa msaada hata mmoja. Nikimhamisha mmoja, maabara inagongana na kidato cha tano, na michezo inaanguka. Ni mtoto mmoja!"

"Najua ni mmoja. Asipokuja Alhamisi, hatarudi."

"Na wale sabini wengine wakitaka hivi hivi?"

"Wakitaka nitakuja tena, utalia tena."

Malachy si mtu mgumu. Alizungusha karatasi zake nusu saa nzima. Mwisho akasema kilichobaki ni Assumpta kumfundisha mwenyewe, ndani ya saa zake za mipango.

"Chukua hizo," alisema Assumpta.

"Utabaki na tatu. Kazi ya watoto sabini na mmoja utaifanya lini?"

"Jumamosi."

"Hilo silikubali," alisema Malachy, huku akiandika.

Wapo walimu wanaoona amekosea, kwamba saa tatu za mipango zilikuwa za watoto wote na sasa ni za mmoja. Assumpta hawabishii. "Wana hoja. Sijui kama nimefanya hesabu sawa. Najua tu kosa lilikuwa langu, kwa hiyo malipo yasiwe ya mtoto."

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, gari la Gráinne linasimama mbele ya shule. Assumpta yuko ndani, nyuma ya dirisha la ofisi, kwa makusudi. Anasema mtoto hapaswi kupokelewa kama mgonjwa. Kengele inalia. Gari bado limefungwa. Dakika kumi na nane zinapita. Mlango unafunguka, Muireann anashuka, kofia ya koti kichwani, anaingia bila kumtazama mtu.

Kiayalandi ni kipindi cha tatu. Assumpta hakwenda kuchungulia. Saa ya chakula, mwalimu wa somo hilo alimwambia kwamba msichana hakuandika kitu, ila alimsahihisha yeye mwalimu mara mbili.

"Siku moja si mwaka," anasema Assumpta, lakini anatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Januari ataanza kuzunguka shule sita za msingi zinazoleta watoto Kiltarnagh. Fomu anayoibeba ina maswali kumi na tisa, na yote yanauliza mtoto ameshindwa nini. Anataka kuongeza moja, na anataka liwe la kwanza. Mwalimu mkuu bado hajamjibu.

"Nataka niulize: kipindi gani tusikiguse?" anasema. "Mtoto ajibu mwenyewe, kwa mdomo, na mimi niandike. Hayo kumi na tisa tutayafikia baadaye."