Pipa Likijaa Halisagi

Mawe yale yalitoka kwa shamba langu mwenyewe, nyuma ya Khayega, mahali nilikuwa nimepanda viazi vitamu. Wachimba dhahabu walichimba shimo, wakaniachia gunia zangu za mawe, fungu la mwenye shamba, kisha mvua ikaporomosha udongo ikalifunga. Viazi vilienda, shimo likaenda. Nilibaki na hizo gunia tu, kwa hivyo usiniulize kwa nini nilikuwa mkali.

Nikazipeleka kwa mwenye pipa. Ni pipa la chuma limelala kwa ubavu, injini ya dizeli inalizungusha, na ndani kuna vyuma vya mviringo vinavyopanda na kuanguka vikiponda mawe mpaka yawe unga. Ule unga tunauosha kwa karai tukitafuta dhahabu. Na desturi ya pale, ambayo sijui ililetwa na nani, ni kwamba ukishaosha, mchanga unaobaki ni wa mwenye pipa.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Akamwaga gunia zangu zote kwa mpigo, pipa likajaa mpaka mdomoni.

"Mwanangu, punguza," nikamwambia. "Saga nusu, halafu nusu."

"Kukhu," akaniita, vile huku tunaita bibi wazee, "hii si uji. Hii ni mashine."

"Hata uji, ukijaza sufuria hukorogi."

Watu wakacheka, yeye akawasha injini.

Mimi shule niliacha darasa la tatu, na kusema kweli sikuililia, lakini masikio ninayo. Mama yangu alikuwanga na kinu cha mtama, na ole wako ukikijaza. Mchi unagota juu tu, punje za chini zimelala usingizi. Alitupiga kwa hilo kuliko kwa utundu wowote. Wacha nirudi kwa pipa. Likiwekwa mawe ya kiasi, vyuma vinaanguka kwa mlio kama mvua ya mawe kwa mabati. Ukiweka mawe machache sana, vyuma vinagongana vyenyewe, kelele nyingi, dizeli inaisha bure na pipa linalika. Ukilijaza, vyuma vinakosa pa kuangukia, unasikia dudu, dudu, kama ng'ombe anatembea kwa matope.

Siku hiyo nilisikia ng'ombe.

Unga ulipotoka nikausugua kwa vidole. Ulikuwa chenga tupu. Nikaosha, na dhahabu niliyopata ilikuwa nyembamba kama unywele wa kope. Nyingine ilikuwa bado imejifungia ndani ya chenga, na chenga, kwa desturi, ni za mwenye pipa. Angezisaga tena foleni ikiisha, polepole, pipa likiwa nusu. Usidhani hakujua. Alijua kuliko mimi, ndiyo maana alijaza.

Nikachukua gunia nikaanza kuurudisha mchanga ndani.

"Kukhu, huo ni wangu."

"Wako ni ule uliosagwa. Huu bado ni mawe."

Mama mmoja nyuma yangu kwa foleni akanivuta leso. "Dada, utatuharibia. Huyu akizima mashine tutasagia wapi?"

"Mtasagia pale mlikuwa mnasagia kabla huyu hajazaliwa."

Nikaketi juu ya gunia. Mimi ni mzito na sioni haya. Marehemu mzee wangu alisemanga upepo ukija nikae ndani, nyumba isibebwe. Yule mwenye pipa alisimama mbele yangu, mikono kiunoni. Angenifanya nini? Aniinue, mimi rika la mama yake, watu wote wakitazama? Foleni ikaanza kunung'unika.

"Beba," akasema mwishowe. "Lakini hapa usikanyage tena."

Na wenye pipa wote wa Khayega wakakubaliana naye. Hakuna anayenisagia mpaka leo. Watu wa kanisa wameniambia niende nimwombe msamaha. Msamaha wa nini? Nina kipande cha bomba nene nyuma ya jikoni na nondo ya kutwangia. Natwanga mchanga wangu kidogo kidogo, bomba silijazi kupita nusu, na mstari wa njano unaonekana kwa karai. Mikono inauma. Iume.

Juzi yule mama wa foleni alikuja na gunia la mchanga wake wa chenga kichwani. Akalitua mlangoni, anaangalia chini. Nikamsogezea nondo.

"Usijaze," nikamwambia.