Mwanamke Aliyemnyonyesha Nasra

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, siyo shoga yangu, wala binamu wa shoga yangu. Nalisema mapema kwa sababu najua visa vya Kariakoo vilivyo, kila mtu kaambiwa na mtu. Nimeishia darasa la saba, na kuna sehemu sina uhakika nazo. Nikifika hapo nitasema. Ila lazima niandike, kwa sababu mwanangu Nasra ana kaka ambaye hatumjui. Siku moja atakuja mwanamume kumposa, nami sitaki awe huyo.

Tulikuwa tumepanga chumba nyuma ya Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya zamani ya vyumba huku na huku, ukumbi katikati, imebanwa na maghorofa mpaka jua linafika uani saa sita tu. Mume wangu anauza vitambaa dukani kwa mtu. Mimba haikunitesa sana. Miguu ilivimba, na nilipenda harufu ya maboksi mapya, basi mume wangu akirudi kazini ananiletea kipande cha boksi nanusa kama ua. Nilidhani kazi ni kuzaa. Nani aliniambia kwamba kazi yenyewe ni kunyonyesha?

Nasra alizaliwa salama. Tukarudi nyumbani Jumanne, na kufikia usiku chuchu zilikuwa zimepasuka. Mtoto anavuta, analia, anavuta, analia. Nesi alikuwa amenielekeza vizuri hospitali, sitamsingizia, ila niliona aibu kufungua kifua mbele ya wazazi wengine, nikawa naitikia tu "ndiyo, ndiyo" bila kuelewa. Alikuwa ameniambia pia kwamba mtoto asipokojoa nirudi upesi. Jumatano asubuhi nepi ilikuwa kavu.

Mama mkwe wangu alikuja kunilea. Asubuhi ananikanda kwa maji moto, saa nne anaondoka kwenda Feri kutafuta pweza, anarudi saa nane. Alikuwa ameapa kwamba supu ya pweza italeta maziwa. Jirani yetu, Mama Doreen, Mchaga aliyekaa nyumba ile muda mrefu kuliko wapangaji wote, yeye aliapa kwa mtori.

"Mama, pweza mpe mwanao," alimwambia mama mkwe. "Huyu mzazi anataka ndizi na nyama."

"Ndizi zako zinaleta usingizi, Mama Doreen. Maziwa yako baharini."

Ilikuwa kama mechi ya watani wa jadi, na uwanja ni kifua changu. Nikanywa vyote viwili. Maziwa hayakuja.

Jumatano hiyo, kama saa sita, nikiwa peke yangu chumbani nalia pamoja na mtoto, nikasikia hodi. Akaingia mwanamke mrefu, mweusi, ana mwanya, kajifunga khanga mbili. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na kovu la moto lenye ncha. Nilidhani ni mpangaji wa vyumba vya nyuma. Mtaniuliza miguu. Niliitazama, kwa sababu mtu wa Pwani hawezi kuacha kutazama. Ilikuwa miguu, ina vidole, kidole gumba kina alama ya hina ya zamani. Sikuona kwato.

"Mdogo wangu, unampa ncha," akasema. "Ncha haina kitu. Mpe na ule weusi, mdomo ujae."

Akamshika Nasra kichwa, akamsogeza. Mtoto akakamata, sikuumia. Lakini hakupata kitu, akaanza tena kulia, sauti sasa imekuwa ndogo kama ya paka. Yule mwanamke akaniangalia. "Nimpe mimi kidogo? Wangu yuko na baba yake, na mimi nimejaa."

Kweli khanga yake ilikuwa imelowa kifuani. Nikasema mpe.

Niamini, sijawahi kusikia sauti nzuri kama mtoto anayemeza. Alinyonya mpaka akaachia mwenyewe, akalala mdomo wazi. Jioni nepi ilikuwa nzito. Mama mkwe akasema, "Umeona pweza?" Nami sikumbishia, maana katembea juani kumtafuta pweza yule.

Kwa nini sikumwambia kuhusu mgeni? Nimejiuliza sana. Nadhani niliona aibu kwamba mtoto wangu ameshiba kwa mwingine. Lakini labda nasema hivyo ili nionekane mnyenyekevu. Labda niliogopa tu kwamba atamzuia.

Alikuja Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, saa ileile. Kila siku kwanza ananiwekea mtoto mimi, ananielekeza, halafu anamnyonyesha yeye mpaka ashibe. Hakuwa na maneno mengi. Mara moja alisema wake ni wa kiume na ana hasira akichelewa kunyonya, nikacheka. Sikumuuliza jina. Jumamosi usiku kifua changu kikawa kizito, moto, gauni likalowa. Maziwa yalikuwa yamekuja.

Jumapili alikuja tena, akakaa kitandani, akampakata Nasra. Hapa ndipo sina uhakika. Nilisinzia. Nilipoamka hayupo, mtoto kashiba, ana tone mdomoni. Ziwa langu la kulia lilikuwa limejaa vilevile. La kushoto lilikuwa laini kidogo, na siwezi kuapa kwamba sikumpa nikiwa usingizini.

Mama mkwe aliporudi nikajisahau, nikasema, "Yule dada amekuja tena."

"Dada yupi?"

Akamwita Mama Doreen, ambaye anauza ndoo na mabeseni kwenye baraza, mlangoni kabisa. "Nani anaingia humu mimi nikitoka?"

"Hajaingia mtu, mama. Labda kapitia dirishani, na dirisha lina nondo."

Niwe mkweli, Mama Doreen akipata mteja haoni hata gari la zimamoto. Kwa hiyo hilo si ushahidi. Nikamweleza yule mwanamke alivyo: mrefu, mwanya. Nilipofika kwenye kovu, Mama Doreen akakaa juu ya ndoo mpya, ikapasuka, hakuangalia chini.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Hapa."

"Alijiunguza kwa pasi," akasema, sauti yote imemwishia. "Huyo ni Mama Khalid. Alikaa chumba chenu hiki. Ametutoka siku ya tisa baada ya kujifungua, miaka kumi na moja sasa. Waliomwosha walisema maziwa yalikuwa bado yanamtoka. Mtoto alikuwa kachukuliwa na baba yake wakati mama anaumwa, hakumnyonyesha tena."

Nilimuuliza Mama Doreen kama aliwahi kunisimulia habari hizo nikiwa mjamzito, nikasahau, kichwa kikatengeneza. Akaniapia kwamba hamsimulii mjamzito habari za mfu. Mimi namwamini, lakini nimeandika swali ili mjue nililiuliza.

Mama mkwe alifukiza ubani siku saba. Mwanamke yule hakuja tena, na mwezi uleule tukahamia Buguruni. Kliniki nilimweleza nesi kwamba mtoto kanyonyeshwa na mwanamke nisiyemjua, sikutaja zaidi. Alinikaripia, na alikuwa na haki: huwezi kumpa mtoto ziwa la mtu asiyepimwa. Nasra alipimwa kila walipoagiza, akawa mzima.

Kilichonikalia moyoni ni kingine. Kwetu Waislamu, mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba, watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, hawaoani. Nilikwenda kwa maalim. Alinisikiliza bila kucheka, nashukuru, kisha akaniuliza, "Una uhakika wa mara ngapi?"

"Nne."

"Na ya tano?"

"Nilikuwa nimelala."

Akasema shaka haihesabiwi, na kwamba aliyekufa hanyonyeshi, nisijitese. Nikatoka nimepoa moyo. Nilipofika nyumbani nikawaza: na kama hakuwa marehemu? Kama alikuwa mwanamke mzima tu, mwenye kovu kama la mwenzake, ana mtoto wake wa kiume mtaa wa pili? Basi kaka yupo Kariakoo, ni rika la Nasra, na wala si Khalid. Kama alikuwa Mama Khalid, kaka sasa ni mkubwa. Baba yake wengine wanasema kahamia Mbagala, wengine Kigamboni. Nimekwenda kote kuwili nikauliza, sijampata. Nikimtoa mzimu, bado nabaki na ndugu.

Mume wangu anasema Bongo ina watu wengi mno, hawawezi kukutana. Lakini mimi na yeye tulikutanaje?

Kwa hiyo nilimwambia Nasra mwenyewe. Alipoanza shule, mwalimu akaniita. "Mama Nasra, mbona hukuandika kwenye fomu kwamba una mtoto mwingine?" Akanionyesha mchoro: baba, mama, Nasra, na mvulana mrefu kapakwa rangi nyeusi tii, ana mwanya. Mwanya sikuwahi kumwambia Nasra. Au niliwahi? Nimejaribu kukumbuka, nimeshindwa.

Nilimwambia mwalimu huyo ni kaka yake wa kunyonya. Akaandika kwenye fomu.

Nawe unayesoma, kama una mimba ya kwanza, sikutishi. Maziwa yatakuja, na yakichelewa nenda hospitali, usione aibu kufungua kifua kama nilivyoona mimi. Lakini akitokea mwanamke akasema lete nimpe kidogo, hata akiwa mpole, hata akiwa na vidole vyote vya miguu, usimpe kabla hujajua amepimwa wapi, anaitwa nani, mtoto wake anaitwa nani, wanaishi wapi. Uliza, mtoto akiwa bado analia. Akishanyamaza hutauliza. Mimi nilikuwa na siku tano za kuuliza, na kila siku mtoto alikuwa amenyamaza.