Mashavu ya Marehemu

Katika chuo kimoja cha Machakos nilikosomea sanaa za michoro na mawasiliano ya picha, mwishoni mwa miaka ya tisini, somo la kuchora sura lilifundishwa kwa kazi za mazishi. Familia zilituletea picha ya marehemu, nasi tukaichora upya kwa penseli ya makaa, kubwa ya kutosha kubebwa mbele ya jeneza. Ugonjwa ambao watu waliuita tu "huu wa siku hizi" ulitupa kazi nyingi. Niliamini kwamba mchoraji ni shahidi, na kwamba shahidi haongezi neno.

Siku moja alikuja mama kutoka Kithimani, pamoja na mke wa mwanawe aliyefariki. Alitoa picha iliyopigwa hospitalini. Macho ya mgonjwa yalikuwa yamezama, ngozi imeshika mfupa.

"Niko na hii tu," akasema. "Tunazika Jumamosi. Mrudishie mashavu, mwanangu."

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "nikimrudishia sitakuwa nimemchora yeye."

"Kwani huyu ndiye nilizaa?" akauliza, akiigonga picha kwa ukucha. "Watu wakiona hii hawatazika mtoto wangu. Watazika ugonjwa."

 Nilimwomba anieleze mashavu hayo yalivyokuwa. Badala ya kueleza, alivua kitambaa cha kichwani, akaketi kwenye kiti cha dirishani, akanigeuzia uso.

"Nitazame mimi. Alinifuata sura."

Mwanafunzi wa meza ya nyuma akaninong'oneza, "Usimnenepeshe sana, watadhani wanazika diwani." Mama alimsikia. Akacheka kidogo, kisha taya likaanza kumtetemeka, nikalazimika kungoja litulie ndipo niendelee.

Nilipomaliza aliutazama mchoro, akasema, "Sasa ni yeye." Halafu akaichana ile picha ya hospitali vipande vidogo vidogo na kuvitia katika debe letu la makaratasi. Mkwewe alivifuata vipande hivyo kwa macho hadi cha mwisho.

Muhula uliofuata mkwe huyo alirudi peke yake. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na nywele zake zimesukwa upya.

"Si wewe ndiye fundi wa mashavu?"

"Ni mimi, dada. Umefiwa na nani tena?"

"Bado," akasema, akiketi pale pale alipoketi mama mkwe wake. "Nichore sasa, ningali na mashavu yangu. Sitaki mtu aje kukaa hapa kuniazima uso wake. Na mtoto wangu ni mdogo, siku moja atauliza nilikuwa naonekana aje."

Nilianza kumwambia kwamba pengine alikuwa na miaka mingi mbele yake. Sauti yangu mwenyewe haikunishawishi.

"Wewe chora," akasema. "Na usiongeze kitu. Usipunguze pia."

Nilichora kovu dogo juu ya nyusi, jino lililopanda jingine, mistari ya nywele zilizosukwa kwa kubana mno. Penseli ilifika chini ya sikio, penye uvimbe mdogo, ikasimama.

"Hata huo," akasema, bila kugeuza kichwa.

Nikauchora.