Siku Nilipovuta Skochi ya Dari

Nitasimulia haya mara moja tu, tena nimeinamisha kichwa, kwa sababu hapa Kibua mimi si tena yule kijana aliyemaliza chuo kikuu Goma. Sasa mimi ni Lisansie wa Plafo, yaani msomi wa dari, na wamama wakipita na vikapu vya mihogo wakinikuta mlangoni hutazama kwanza juu, kisha hunitazama mimi, kisha wanaenda zao wakicheka mpaka mtoni. Na kitu chenyewe kilichoniletea aibu hii kilikuwa na urefu wa vidole vinne.

Dada yangu Furaha alikuwa amepata mchumba, Muhindo, na familia ya Muhindo ikatuma habari kwamba itakuja Jumamosi kumuomba. Tatizo halikuwa Muhindo, tatizo lilikuwa baba yake, Papa Kasereka, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo akafungua duka pale Mubi, duka la misumari, mabati na rangi. (Rangi! Kumbukeni hilo.) Sisi ni wakulima wa maharage, nyumba yetu ni ya udongo, na maneno yalikuwa yametufikia kwamba mzee huyo hajakubali bado, kwamba alimwambia mwanawe, "Nitaenda kuona nyumba kwanza, njo nitasema kitu." Tangu siku hiyo Furaha alikuwa hali, na akila anasahau anakula nini.

Mimi nikaanza kuwaza. Kuwaza ndiyo kazi pekee niliyoipata tangu nipewe diploma. Nikawaza: mtu anayeuza rangi akiingia nyumbani mwa watu anatazama nini? Hatatazama viti. Atatazama pale ukuta unapokutana na dari, kwa maana ukuta wowote hata mlevi anaweza kuupaka, lakini ule mstari wa juu ndio unaoonyesha kama nyumba ina watu wa makini.

Hapa inabidi nieleze dari yetu. Si ya mbao. Ni magunia meupe ya unga ambayo Mama aliyafumua na kuyashona yakawa shuka moja kubwa, likatandazwa juu ya nyumba nzima, likapigiliwa misumari kwenye ncha za kuta na kupakwa chokaa. Nyumba nyingi kwetu ziko hivyo. Kuta za ndani zinaishia pale pale kwenye gunia, na juu ya gunia ni giza, masizi ya miaka mingi, na panya wanaoishi maisha yao.

Papa, baba yangu, aliponiona nimesimama juu ya meza na skochi mkononi, ule utepe mpana wa gundi wa kahawia wa kufungia makatoni, akasema, "Paka tu na mukono, mwanangu. Ukuta haitakupa pointi."

Ningemsikiliza! Lakini nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi wenye ujuzi wanavyobandika skochi pembeni mwa dari ili rangi isivuke, kwa hiyo nikabandika, nikaisugua kwa mgongo wa kijiko ishike, halafu nikawaza, je, rangi ikipenya chini yake? nikaongeza safu ya pili, halafu nikawaza, je, ile ya pili ikivuta ile ya kwanza? nikaongeza ya tatu. Nikapaka ukuta kijani. Wanasema skochi itolewe rangi ikiwa bado mbichi, lakini mimi niliogopa kuchafua, nikaiacha ikauke kutwa nzima. Nilipoivuta Ijumaa ilitoka na vipande vya chokaa, lakini mstari ule, jamani! Mama alimuita jirani aje kuuona.

Kipande kimoja tu kilikataa. Kilikuwa kwenye kona, juu ya kiti kikubwa, kimegandamana na rangi na gunia. Nikakivuta, gunia likanung'unika, nikakiacha. Nikajiambia, nani atatazama kona?

Jumamosi wakaja. Desturi inataka binti asionekane mpaka aitwe, basi Furaha alikuwa amefichwa chumbani, nyuma ya ukuta wangu wa kijani, pamoja na shangazi Riziki na binamu mmoja. Desturi pia inataka baba wa kijana anyamaze, wengine wamsemee, basi kwao alisema kaka yake mkubwa na kwetu alisema baba mdogo. Na Mama, kwa heshima, akamkalisha Papa Kasereka kwenye kiti kikubwa. Chini ya kona.

"Jameni," kaka yake akaanza, "sisi tunafuata kuku yetu. Tuliona anaingia huku kwenu."

"Kuku?" baba mdogo akashangaa vizuri sana. "Hapa kwetu tunafuga mbuzi tu, Papa. Kuku hatujue."

Watu wakacheka, isipokuwa Papa Kasereka. Yeye alikuwa anatazama kona. Nikafuata macho yake, na nikaona kile kipande cha skochi kimeachia upande mmoja, kinaning'inia kama ulimi. Akainamisha kichwa, akatazama tena. Akavua miwani, akaifuta, akatazama mara ya tatu. Kichwani mwangu nilimuona tayari yuko Mubi dukani kwake, anawaambia wateja kwamba ile familia ya Kibua hata skochi hawajui kutoa, na Muhindo anaoa kwingine, na Furaha anazeeka kwenye shamba la maharage, na kila akipalilia ananitazama mimi.

Nikainuka. (Mimi ni mrefu na dari yetu ni fupi, Mungu alipanga yote.) Nikazunguka nyuma ya kiti kama mtu anayeenda dirishani.

"Weye, unatafuta nini pale?" baba yangu akaninong'oneza.

"Hewa, Papa."

Nikakishika kile kipande kwa vidole viwili na nikakivuta polepole, kwa heshima. Hakikuja. Nikavuta kwa heshima kidogo zaidi. Hapo nikasikia mshono wa Mama unapasuka, krrrr, kisha misumari inatoka mmoja baada ya mwingine kufuata mstari wangu, ta, ta, ta, ta, mpaka mlangoni, na dari nzima ikashuka juu ya wakwe.

Kwanza gunia, kisha masizi, kisha akiba ya panya: karanga, magunzi ya mahindi, na soksi yangu niliyoitafuta mwaka mzima.

Vumbi lilipopungua tuliwaona. Juu ya ukuta, ambao sasa haukuwa na kitu juu yake, vilipangika vichwa vitatu, videvu vimekaa sawasawa kwenye mstari wangu wa kijani: binamu, shangazi Riziki, na katikati Furaha na nywele zake mpya, mdomo wazi. Walikuwa wamepanda juu ya kitanda kusikiliza.

Kaka wa Papa Kasereka akatoa kichwa chake chini ya gunia, akamnyooshea baba mdogo kidole.

"Si njo ule kuku?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama alipiga magoti, "Tusamehe, Papa, tusamehe," na Furaha kule juu akaanza kulia bila kukumbuka kushuka. Mimi nilikuwa nimesimama na skochi mkononi, mtu hawezi kukana. Papa Kasereka akainuka, mweusi wote, karanga moja imekaa kwenye bega. Akausogelea ukuta. Akapitisha kidole chini ya videvu vyao.

"Nani alipaka hapa?"

"Ni mimi, Papa."

"Mustari iko sawa." Nikasubiri kufa. "Plafo yenu njo ilikataa."

Kisha mabega yake yakaanza kutetemeka, na ikanichukua muda kuelewa kwamba anacheka. "Toka nimeikala hapa, minaona jicho kwenye tundu ya ile gunia. Minafuta miwani, jicho iko. Minajiuliza, ni panya gani ya Kibua inapaka wanja?"

Shangazi Riziki akaficha uso. Ndiyo, wale watatu walikuwa wametoboa kitundu pale konani, gunia linapopita juu ya ukuta, ili wachungulie. Mzee hakuwa ameiona skochi hata kidogo.

"Nilikuja kuona nyumba," akasema, akijipangusa. "Sasa nimeiona mpaka bati. Muambie ule binti apitie mulangoni, asirukie pale."

Furaha akapitia mlangoni, machozi na wanja vimechanganyika, na yule mzee akampa mkono wake mweusi wa masizi mbele ya watu wote. Hapo ndipo Mama alipopiga vigelegele.

Wiki iliyofuata lori lilishusha mbao nyembamba za dari kutoka duka la Mubi, zawadi ya mkwe, na Muhindo akaleta ujumbe akijitahidi kutocheka: "Papa amesema, Lisansie asikaribie."

Sikukaribia. Nilikaa uani nikimpitishia fundi misumari. Kazi yake ni nzuri, isipokuwa pale kwenye kona, juu ya kiti kikubwa, ameacha upenyo wa kidole kimoja kati ya ubao na ukuta, umekwenda upande. Hakuna mwingine aliyeuona. Mimi nauona asubuhi, nauona nikila, na nimeshajua kwa hakika namna ya kuuziba. Lakini nimeapa mbele ya Mama: nikikaa kwenye kile chumba, nakalia mikono yangu.