Kitanda Nyuma ya Kiti cha Dereva

Ilianza Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nachungulia simu ya baba aliponiita nimsaidie kusafisha lori. Nikafungua mlango, nikakanyaga ngazi, na ile harufu ikanipokea: pamba mbichi, dizeli, jasho lililokauka kwenye vitambaa vya viti. Nikabaki nimesimama na ndoo mkononi. Nilikuwa na miaka saba tena.

Habari hii sijawahi kumsimulia mtu. Mimi si mwongeaji. Hata darasani, mwalimu akiuliza swali ninalolijua, naliandika jibu pembeni ya daftari halafu namwacha mwingine alijibu. Kwenu nyie naweza, kwa sababu siwaoni mnavyoniangalia.

Siku ninayoisema tulikuwa Butiama kwa babu, baba yake baba. Watu wazima walikuwa ndani tangu asubuhi, wanaongea kwa sauti za chini. Baba na mama walikuwa wanaachana, na lililobaki kuamuliwa lilikuwa moja tu: mimi nikae na nani. Baba alikuwa amepanga Kigera, pale Musoma. Mama alikuwa anarudi kwao Bunda. Haya nayajua leo. Siku ile nilichojua ni kwamba uani kwa babu kuna magari mawili, na hakuna mtu wa kunikataza kuyachezea.

Moja lilikuwa kigari cheupe cha mjomba, kaka yake mama, aliyekuja kumchukua. La pili Fuso la baba, la kubebea pamba. Nikayakagua yote mawili kama mtu anayetaka kununua.

Kigari kilikuwa chini sana, unaingia kwa kuinama. Viti mjomba alikuwa hajavitoa nailoni tangu akinunue, kwa hiyo mapaja yalinata, na ukijisogeza vinalia. Nyuma nilikaa magoti yakiwa yamekaribia kidevu, kwa sababu mjomba ni mrefu na kiti chake alikuwa amekisukuma mpaka mwisho. Dirisha la upande wangu halikushuka. Kwenye kioo cha mbele kilining'inia kitu cha kunukia, harufu tamu nzito, ile inayoanza puani halafu inashuka tumboni. Nilikaa kidogo tu, injini imezimwa, mate yakaanza kujaa mdomoni. Nikatoka mbio.

Lori lilikuwa nyumba. Nilipanda ngazi mbili nikishika chuma, nikaingia ndani nikasimama wima, nikainua mikono, na bado sikugusa juu. Nyuma ya viti kulikuwa na kitanda chembamba, godoro lake limevikwa shuka la maua, na pazia la kuvuta. Nikalala. Kichwa kikawa upande wa dereva, na miguu nikiinyoosha yote haikufika upande wa pili. Palibaki nafasi ya mtoto mwingine kama mimi. Jua lilipita kwenye pazia likawa rangi ya chungwa, na nyuzi za pamba zikawa zinaelea ndani ya ile rangi, polepole, hazina haraka ya kutua. Nadhani nilisinzia.

Aliyenitoa ni shangazi, dada yake baba.

"We mtoto, hebu shuka uje hapa."

Nikashuka. Wengine nao walikuwa wanatoka ndani: babu na fimbo yake, baba, mjomba, halafu mama, mtandio ameushusha usoni. Shangazi akachuchumaa mbele yangu.

"Tunaondoka sasa hivi. Wewe unataka kupanda gari gani?"

Nikaangalia chini.

"Ongea basi! Mdomo umeuacha wapi?"

"Mwache," babu akasema. "Usimharakishe."

Hawajawahi kuninyamazia watu wengi namna ile. Hata kuku naona walinyamaza. Sikuinua uso, niliinua mkono tu, nikaonyesha lori.

Shangazi akapiga makofi. "Si niliwaambia! Huyu ni wa huku huku!"

Baba akageuka, akaenda kukagua matairi ambayo alikuwa ameshayakagua. Mama akaja, akanifuta vumbi usoni kwa pembe ya kitenge, akanifunga kamba za viatu, ingawa zilikuwa zimefungwa.

"Ulale vizuri, mwanangu," akasema.

Akaingia kwenye kigari. Nilichokiona mimi ni kwamba hata yeye magoti yalipanda, na sanduku ikabidi alipakate. Nikamhurumia kwa safari mbaya aliyonayo.

Ile ya kwangu ilikuwa nzuri kuliko safari zote. Injini ya Fuso iko chini yako, haikupigii kelele, inakuungurumia mgongoni, na joto lake linapanda kupitia godoro. Nilivuta pazia nikaacha upenyo. Juu kule unaona mpaka ndani ya nyua za watu, unaona migongo ya ng'ombe, unaona mawe makubwa ya kwetu yanazunguka taratibu kama ndiyo yanayosafiri. Baba hakuongea. Kati yangu na yeye kulikuwa na kiti, na gia, na koti lake limetundikwa, na nikimwita ilibidi nipaze sauti, kwa hiyo sikumwita. Kigari cheupe kilikuwa mbele yetu. Tulipofika njia panda kikawasha taa ya pembeni, kikashika barabara ya Bunda. Sisi tukashika ya Musoma. Nikadhani mjomba anajua njia ya mkato. Nikalala.

Nilipoamka tulikuwa Kigera, na nikauliza mama amefika saa ngapi.

Nikiwa darasa la sita, tunachambua mboga na shangazi na majirani, shangazi akacheka akasema, "Huyu msimwone mpole. Alimwacha mama yake kwa ajili ya godoro." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda chooni nikakaa humo mpaka wakaniita.

Kuanzia hapo nilijua nilichofanya. Kila likizo nilikwenda Bunda, nikala chakula cha mama, nikalala kitanda kimoja naye, na kila mara nilitaka kusema nikashindwa. Nilikuwa nashika mkono wangu wa kulia, ule ulioonyesha, nauweka chini ya mto.

Jumamosi hiyo, na ndoo yangu, sijui ujasiri niliupata wapi.

"Baba, siku ile Butiama, nani alisema niulizwe habari ya magari?"

Alikuwa anafuta usukani. Akaendelea kuufuta.

"Mama yako."

Nikaweka ndoo chini.

"Babu yako alisema mtoto aulizwe mwenyewe. Shangazi yako akataka uulizwe wazi, baba au mama, mbele ya watu wote. Mama yako akakataa. Akasema, mtoto wangu haongeagi mbele ya watu, mtamuumiza. Muulizeni gari."

"Alijua nitachagua hili?"

"Wewe ulikuwaga unatapika kwenye gari dogo hata halijawashwa. Nani hakujua?" Akakamua kitambaa. "Bunda alikuwa anaenda kulala sebuleni kwa dada yake, chini, pamoja na watoto wa huyo dada. Hakutaka ulale pale. Na hakutaka uje ufikirie amekukataa."

Basi. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyepima siku ile. Nilipima viti, nikapima godoro kwa urefu wangu, nikachagua. Kumbe mama alikuwa ameshapima ile sebule kabla yangu, akaona sienei, akatafuta swali ambalo mtoto wa miaka saba angelijibu kwa kidole bila kuumia. Ila najiuliza pia, na hili naliandika kwa shida: kama ningepanda kile kigari, nikatapika njia nzima, ningetapika nimemwegemea yeye. Mle ndani hapakuwa na nafasi ya kukaa mbali na mtu.

Asubuhi yake, Jumapili, nilimwambia baba kwamba ibada nitasali huko huko Bunda. Nilimkuta mama nyuma ya chumba chake, anakaanga maandazi. Sikusalimia hata.

"Mama, mimi nilidhani wote tunaenda sehemu moja."

Hakuuliza siku gani. Aligeuza andazi, akaligeuza tena.

"Najua," akasema. "Ningekwambia, ungeshuka."

Nikanawa mikono, nikavuta kigoda karibu naye, nikaanza kukata unga uliobaki.