Nani Alikuwa Anaichezea Kalkuleta Yangu?

Watu wote niliowafundisha kalkulasi walifaulu. Mimi mwalimu wao nikala za uso.

Sitanii.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, uhandisi. Kalkulasi ndilo somo lililokuwa linachuja watu. Ukilifeli, unaondolewa kwenye kozi, katafute pengine pa kwenda.

Nilikuwa naishi kwa kaka yangu na wifi. Kaka ni mpima ardhi, ndiye aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki. Mgeni akija tu anaambiwa, "Huyu ndiye injinia wetu." Na mimi hata muhula wa kwanza sijaumaliza!

Sasa sikia.

Hesabu nilikuwa naziweza. Kulikuwa na jamaa darasani tuliyemwita Mapozi kwa sababu ya mashati yake. Alikuwa hajui kudifrenshieti hata kitu chepesi. Nikamkalisha chini, nikamfundisha mpaka akaelewa.

Jaribio la kwanza, Mapozi kapasua. Mimi nimefeli.

Nikasema bahati mbaya. Jaribio la pili, vilevile.

Majaribio yenyewe yalikuwa ya kompyuta. Unakokotoa kwenye karatasi, unaingiza jibu la mwisho kwa desimali, mashine inasahihisha. Njia uliyopita haina habari nayo. Maswali mengi yalikuwa ya sine na kosine, na hayo yote nilikuwa nakosa. Yote!

Nikajifungia chooni nikalia. Natoka, nani kasimama mlangoni?

"Mwalimu, asante sana! Umeniokoa!" Mapozi huyo, meno yote nje.

Nilitamani kumzaba kofi.

Nyumbani nako wifi hakunisaidia. "Labda hujatulia, wifi yangu. Unahangaika na za wenzako, zako zinakupita." Ilinikera kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Siku moja kabla ya mtihani wa mwisho nikabeba karatasi zangu zote mpaka ofisini kwa mwalimu. Mzee mkali yule, hata salamu anaitikia kwa shida. Akazipitia moja moja.

"Njia ni sahihi."

"Najua, mwalimu."

"Na hii sahihi. Sasa hili jibu umelitoa wapi?"

"Kwenye kalkuleta."

"Ilete hapa."

Akatafuta sine ya moja. Akanitazama, kisha akaigeuza nione. Juu ya kioo kulikuwa na herufi ndogo, D, yaani digrii.

"Kalkuleta yako inahesabu pembe kwa nyuzi, hizo digrii. Kwenye kalkulasi tunatumia radiani, kipimo kingine cha pembe. Niliwaambia wiki ya kwanza."

"Na niliiweka radiani siku hiyohiyo, mwalimu!"

"Basi kuna mtu kaibadilisha."

Damu ilinichemka. Mazoezi yangu nilikuwa nafanyia kwenye simu, na simu hairuhusiwi kwenye mtihani. Kalkuleta ilikuwa inatoka siku ya mtihani tu. Nani mwingine aliyewahi kuishika?

Mapozi! Aliwahi kuiazima.

Nilimkuta kantini na sahani yake. Nikamporomoshea maneno mbele za watu. Mnafiki mkubwa we, nakufundisha halafu unanichimba!

Jamaa akaisukuma sahani pembeni. "Mwalimu, mimi? Haki ya Mungu, niliirudisha kama ulivyonipa."

Sikumsikiliza hata kidogo.

Yule mzee wa ofisini alikuwa ameshairudisha kalkuleta kwenye radiani kwa mkono wake. Nikafika nyumbani jioni, nikatupa begi sebuleni, nikaenda kuoga.

Natoka bafuni, namkuta kaka kwenye kochi. Begi langu liko wazi, kalkuleta anayo mkononi, betri mpya na bisibisi ndogo viko pembeni yake.

Ndivyo kazi yao ilivyo. Mpima haendi eneo la kazi bila kukagua vifaa jioni yake: betri, mpangilio, kila kitu. Kumbe na vya kwangu alikuwa anavikagua.

"Mdogo wangu," akasema bila kuinua kichwa, "huko chuoni kuna mtu hakutakii mema. Kabla ya lile jaribio lako la kwanza niliikuta hii imevurugwa, imetolewa kwenye nyuzi. Nikairekebisha kimyakimya, nisikutie hofu. Leo nimeikuta imevurugwa tena!"

Akabonyeza. Ile D ikarudi.

Nilipiga kelele mpaka wifi akatoka jikoni na mwiko. Nilimwambia kaka ndiye aliyenifelisha. Nilimwambia nalia chooni kwa sababu yake, nafukuzwa chuo kwa sababu yake. Nilikuwa na hasira ya muhula mzima na yote nikaimwaga pale.

Hakunikatisha. Nilipoishiwa pumzi akauliza taratibu, "Kumbe ninyi huko hamtumii nyuzi?"

"Hatutumii, kaka."

"Mimi maisha yangu yote natumia nyuzi. Nilijua hesabu ni hesabu."

Akaiweka kalkuleta mezani, akaingia chumbani. Chakula hakula.

Asubuhi niliamka hasira imeisha. Kwa kawaida siku ya mtihani yeye ndiye anayenibebea begi mpaka nje. Siku hiyo nilimkuta amesimama mbali nalo, mikono mfukoni.

"Lichukue mwenyewe," akasema. "Mimi sitaki kuligusa tena."

Hapo ndipo nilipoumia kuliko siku zote nilizofeli.

Mtihani nilifaulu, tena vizuri. Mapozi nilimwomba radhi palepale kantini, kwa sauti ileile niliyomtukania. Akasema amenisamehe, ila nimfundishe na muhula wa pili.

Kaka amerudi kucheka na mimi, lakini nikimpa kitu changu anishikie, huwa anauliza kwanza, "Hiki nikishike vipi?" Kila akiuliza hivyo nakosa raha.

Ndugu zangu, mtu anayekupenda mweleze unafanya nini huko unakoshinda. Usipomweleza hataacha kukusaidia. Atakusaidia kwa kile anachokijua yeye, na wa kwangu alinisaidia mpaka nikakaribia kufukuzwa.