Jozi Niliyoifuta

Siku yangu ya kwanza posta ya Lushoto nilivaa tai ya kaka yangu na viatu vilivyonibana. Postamasta, mkuu wetu, hakuvitazama. Alinisimamisha mbele ya kabati la mbao lenye vijumba vingi, kila kijumba na jina la mahali, akanipa bunda la barua nizipange. Nikazipanga kama nilivyofundishwa jiografia, jirani kando ya jirani. Akazitoa zote, akazimwaga mezani.

"Kijana, achana na ramani," alisema. "Jifunze gari linapita wapi."

Huo ndio ulikuwa ufundi wetu. Mahali palikuwa karibu kama gari la barua lilifika siku ile ile. Kama mfuko ulilala njiani, palikuwa mbali. Lukozi palikuwa karibu. Baadaye nilihamishiwa Muheza, nikafunga mifuko ya mashamba ya chai ya Bulwa na Kwamkoro, na mkuu wa upangaji wa pale, mtu mkali asiyecheka, alinisifu mara moja tu: kwamba sijawahi kutuma mfuko njia isiyo yake. Sifa hiyo ilinilevya miaka mingi.

Nilirudishwa Lushoto nikiwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Ndipo akaja Neema, binti wa kompyuta kutoka Tanga, na programu yake. Unaandika postikodi, yaani namba ya kata, nayo inakutajia postikodi zilizo jirani, ya karibu kabisa ikitangulia. Lengo lilikuwa zuri: barua ikikosa mwenyewe katika kata moja, iulizwe kwanza kata za jirani kabla ya kurudishwa ilikotoka. Lakini programu ilipima umbali kwa mstari ulionyooka, na milima yetu haina kilichonyooka. Basi Neema akaagizwa apitie orodha na mwenyeji, ili jozi za majirani wa uongo zifutwe.

"Shikamoo mzee," alisema. "Nimeambiwa wewe ndiye unayeijua milima yote hii."

Nani angekataa? Nilivuta kiti, nikafuta jozi moja baada ya nyingine kwa raha zangu zote. Tukafika Kwemashai na Mbokoi. Kati yao kuna korongo, na gari lililazimika kushuka hadi Lushoto mjini ndipo lipande upande wa pili. Nikamwambia hapo hakuna ujirani. Neema akasita, akaniuliza kama nina uhakika, maana mashine iliziona zimepakana.

"Mashine haijawahi kupanda gari la barua," nilimjibu. Akacheka, akafuta.

Miezi michache baadaye alikuja dirishani mama mmoja wa Mbokoi, kitenge kimelowa umande. Binti yake, Elinami, alikuwa ameomba nafasi chuo cha uuguzi, na wenzake walikuwa wamekwisha kupata barua. Nikafungua daftari la rejista. Barua ya Elinami ilikuwa imekuja. Fomu ilikuwa imejazwa kwenye duka la steshenari Kwemashai, na mwenye duka akaandika postikodi ya kwake. Huko Kwemashai hakujulikana, simu iliyoandikwa haikupatikana, na programu haikuitaja Mbokoi. Barua ikarudishwa chuoni.

Nilimuuliza yule mama, kwa ukali kidogo, kwa nini waliacha mjini wakaenda kujazia fomu mbali kote kule. Alinishangaa.

"Mbali wapi, baba? Ndiko ninakosaga unga. Nashuka, navuka mto, napanda. Jua likianza kuchoma nimesharudi nyumbani."

Nilipiga simu chuoni papo hapo, yeye akiwa amesimama pale pale. Wakanijibu kwa upole kwamba nafasi imekwisha kupewa mwingine, binti aombe tena mwaka ujao. Nilipomweleza, hakunilaumu. Alishukuru, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini. Nilijua gari linapita wapi. Watu wanapita wapi sikuwahi kuuliza.

Nilimpigia Neema nikamweleza kosa langu lote, naye hakunicheka. Siku za soko nikawa nakwenda Lukozi na orodha yangu, nawauliza kina mama wa karoti na kabichi wanasaga unga wapi, mtoto wanampeleka kliniki ipi. Jozi nyingi nilizozifuta zilirudi. Kwemashai na Mbokoi ilikuwa ya kwanza.

Nilistaafu nikapewa blanketi na redio. Lakini ile njia ilinikaa moyoni kwa miaka. Mwaka huu nikapanda bodaboda hadi Mbokoi, nikashuka korongo kwa fimbo, nikavuka mto, nikapanda nikisimama kila baada ya hatua chache. Juu, jengo la kwanza ni zahanati ya Kwemashai. Niliingia kupima presha. Muuguzi alipojitambulisha kwa jina, nilimwambia mimi ni nani na nilifanya nini.

Elinami alikuwa ameshika kitambaa cha kipimo, tayari kunifunga mkononi.

"Mwaka ule nililima viazi na mama," alisema. "Nilikuwa na hasira na mtu nisiyemjua." Kisha akaniangalia viatu vyenye matope. "Umekuja na gari gani, mzee?"

"Kwa miguu. Kutoka Mbokoi."

Akaweka kipimo mezani, akanivutia kiti karibu na dirisha.

"Basi presha haipimwi hivyo, unahema," alisema. "Pumzika kwanza, jirani."